Nani Amezikwa Hapa?

Habari ilinifikia Mbeya siku ya Jumanne, imeandikwa kwa chaki ya fundi cherehani juu ya kipande cha karatasi ya kaki, ile ambayo mafundi huchorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Kondakta wa basi dogo la Tukuyu aliileta mpaka mlangoni pa ofisi, akanikabidhi, akaondoka. Mistari ilikuwa miwili. "Mchezeshaji wetu ametutoka jana. Mazishi Ikuti, kesho saa nane. Kule alikotaka wamekataa." Niliisoma nimesimama, nikaikunja, kisha nikaikunjua tena nisome maneno matatu ya mwisho. Kufa nilikutegemea, kwa kuwa kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za mwaka jana. Hayo maneno matatu sikuyategemea, ingawa mtu wa kazi yangu alipaswa kuyategemea.

Katika safu hii nimewahi kuwaaga watu ambao wengi wenu mliwafahamu. Huyu hamkumfahamu, wala redio haikumtangaza. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi ya shamba moja kubwa la chai kwenye miteremko ya Rungwe, akalelewa humo, akazika wazazi wake wote wawili humo, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa nyapara wa wapogoaji. Shamba lilipofungwa na watu kupunguzwa kazini, alipata kazi ya ulinzi wa mchana kwenye geti la shule ya sekondari pembezoni mwa mji wa Tukuyu. Hayo ndiyo yangeandikwa kama kuna mtu angeandika. Sisi watu watatu tuliokuwa tukikutana naye kila Jumapili alasiri tulimjua kwa kazi nyingine, na hiyo nitalazimika kuieleza.

Nianze na sanduku. Pale shuleni alikuwapo mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya ambaye jioni aliwakusanya wanafunzi wake na kucheza nao mchezo wa ajabu. Hakuna mpira, hakuna karata. Mmoja, ndiye mchezeshaji, anasimulia mahali na hatari zilizopo. Wengine, kila mmoja akiwa amejipa mtu wa kuigiza, wanasema watakachofanya. Na jambo likiwa na shaka wanarusha dadu. Mwalimu alipomaliza mkataba wake alimwachia mlinzi wa geti sanduku zima, kwa sababu kati ya watu wazima wote wa pale, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuuliza wanacheka nini. Ndani yake mlikuwa na madadu ya maumbo mbalimbali, moja lina pande ishirini, na kitabu kinene cha Kiingereza. Mnaijua mvua ya Tukuyu. Nusu ya kitabu ilikuwa imeshikana kama mkate. Kilichosomeka kilikuwa kisa kimoja: wachezaji wanafika kwenye kasri lililoachwa, lenye ardhi kubwa, nao wanapewa ruhusa ya kulifufua. Mlinzi alikifasiri kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa zilizoshikana alizijaza kwa yaliyokuwa kichwani mwake, na kichwani mwake mlikuwa na shamba la chai.

Tulichezea chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, Mwislamu ambaye baba yake alikuja Tukuyu kufanya biashara na hakuondoka tena. Fundi ndiye aliyetoa karatasi ya kaki ya kuchorea ramani. Mchezaji wa pili alikuwa mama mmoja aliyechuma chai miaka mingi katika shamba lile lile, sasa akiuza ndizi sokoni; alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya. Wa tatu nilikuwa mimi, mwandishi mchanga niliyepanga chumba uani kwa fundi na kuamini kwamba kila jambo mjini pale lilikuwa habari.

Siku ya kwanza mchezeshaji alisafisha miwani, akasema, "Mmefika kwenye geti. Geti limeanguka. Ndani kuna kasri la Malafyale, chifu wa hapa, paa limebomoka, mfereji umekauka, chai imekuwa msitu. Malafyale mwenyewe hayupo. Nani anafanya nini?"

"Nachomoa upanga," nilisema, maana ndivyo nilivyodhani inavyotakiwa.

"Mimi naulizia hazina iko wapi," alisema fundi.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho. "Mimi siingii. Baba, nani amezikwa hapa?"

Mchezeshaji akapekua kitabu. Akapekua tena. "Kitabu hakisemi, mama."

"Basi kimeandikwa na mtu asiye na kwao. Utaingiaje kwenye mji wa watu, unaanza kufagia, hata hujui umemkanyaga nani?"

Nilitegemea acheke. Alifunga kitabu, akakiweka chini ya kiti, na alasiri yote hiyo hatukuvuka geti. Mama aliuliza kaburi moja moja, naye alijibu kwa majina: huyu alichimba mfereji wa kwanza, huyu alikuwa mkunga, huyu alipigwa na radi akiwa na kikapu mgongoni. Baadaye sana mama aliniambia kwamba majina yale, yakiwa yamebadilishwa kidogo tu, yalikuwa ya watu wa kambini. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Hakuna aliyekata, kuchimba wala kuezeka mahali papya kabla hajauliza nani amezikwa hapo.

Alikuwa mchezeshaji mgumu. Hakukubali mtu aseme "najenga ukuta" halafu ukuta uwepo. Mawe unayatoa wapi? Nani anayabeba? Mvua ikinyesha udongo unaufunika na nini? Kwenye dadu la pande ishirini, kumi kwenda juu ilikuwa ndiyo, chini ya hapo hapana, na moja ilikuwa maafa. Lilivyoanguka ndivyo alivyolisoma, hata kama kazi ya miezi miwili ilikwenda na maji mbele ya macho yetu. Fundi, aliyejipa mtu mwenye uwezo wa kuamuru majini, alijaribu kumzunguka. "Namwita jini mmoja aezeke paa lote leo leo."

"Sawa, shehe. Jini amekuja. Ni mkubwa, amesimama uani. Anauliza chakula."

"Jini hali chakula, mzee."

"Huyu ni jini wa Rungwe, anakula. Ameletewa ndizi."

"Jini wangu hawezi kula ndizi!"

"Basi atalala njaa, na paa halitaezekwa."

"Mlishe, gwe," alisema mama, "usitutie aibu kwa wageni." Fundi alimlisha jini ndizi kwa Jumapili nne mfululizo, na paa likaisha, na nakumbuka tulivyopeana mikono kana kwamba tungeweza kutoka nje na kulitazama.

Hapa naomba niache kidogo kasri, niseme habari za mji. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalijaa ghafla. Sabuni iliyokuwa ya foleni ikawa ya rangi tano. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni asubuhi, na fundi wetu, aliyekuwa akishona suruali za nusu ya wilaya, akawa anapunguza upana wa suruali za watu wa nchi za baridi. Kila kitu kiliruhusiwa, na watu walilitumia neno hilo kwa furaha na kwa kejeli, kutegemea asubuhi yao ilivyokwenda. Niliandika habari nyingi za kusifu wakati ule, na sehemu yake ilistahili sifa. Lakini niliona pia kwamba ruhusa ile ilikuwa na mlango mmoja. Ukiwa na mtaji, uliruhusiwa kununua shamba. Ukiwa na mikono tu, na umeijua kila safu ya shamba hilo tangu utoto, hapakuwa na dirisha hata moja ambalo ungesimama mbele yake ukasema: niruhusuni nilifufue. Ruhusa ya namna hiyo ilikuwapo mahali pamoja tu mjini Tukuyu, nyuma ya duka la fundi, siku za Jumapili, na aliyeitoa alikuwa mlinzi wa geti.

Kwa karibu miaka mitatu tulilirudisha kasri lile. Mfereji ulitiririka. Zizi lilijaa. Chai ilipogolewa eneo la kwanza hadi la saba, na ramani ya kaki, iliyoongezwa vipande kwa uzi wa cherehani, ilifunika meza ya kukatia na kuning'inia pande zote. Siku moja, wakati wa baridi, mama aliiangalia ramani ile kwa muda mrefu.

"Baba, hili eneo la kwanza si ndilo lile la juu ya kambi?"

Mchezeshaji alivua miwani, akaisafisha.

"Lile la kweli lipo saa moja kwa miguu kutoka hapa. Limekuwa msitu. Wewe panga unalo. Mimi ninalo. Nataka kwenda kulipogoa."

"Hilo unalisema wewe au mtu wako wa mchezoni?" aliuliza fundi, akitabasamu.

"Mimi."

Mchezeshaji alichukua dadu la pande ishirini, akalirusha karibu na ukingo wa meza, akalifunika kwa kiganja kabla hatujaliona. Akainua kiganja upande wake tu, akatazama, akafunika tena.

"Limekubali," alisema.

Chai iliyoachwa haifi, na hapo ndipo inapochanganya watu. Inarefuka tu mpaka inamzidi mtu kimo, inakuwa miti myembamba yenye majani magumu ambayo hayafai kunywewa. Kuirudisha ni kuikata yote usawa wa goti, mkato wa mshazari ili maji yasituame, kisha matawi yaliyokatwa unayalaza juu ya visiki vyake yenyewe visiungue jua. Kila Jumamosi tulikwenda. Kwenye geti la shamba palikuwa na mlinzi mmoja, mpogoaji mwenzao wa zamani, aliyetuuliza siku ya kwanza tunaiba nini.

"Hatuibi. Tunapogoa," alisema mchezeshaji.

"Mnapogoa kwa amri ya nani?"

"Ya dadu," alijibu fundi.

"Ugonile, kaka," mama alimsalimu mlinzi, "tupishe, jua linapanda." Akatupisha, akitikisa kichwa kwa ajili ya akili zetu.

Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama mzee yule katika eneo la kwanza. Hakupaza sauti. Alinishika mkono na kuugeuza kidogo, hivi, ili panga liingie panapotakiwa. Tulipofika karibu na makaburi ya kambini tulisimama, mama akauliza lile swali lake kwa sauti, naye akajibu, safari hii kwa majina halisi, na mawili ya mwisho yalikuwa ya baba na mama yake. Ilituchukua baridi nzima. Kisha vichipukizi vilitokea, rangi ya kijani isiyokolea, eneo zima, katikati ya msitu mweusi pande zote. Mzee alichuma majani mawili na kichipukizi chake, akatia mdomoni, akatafuna. Mama akamwambia, "Ndaga fijo, baba." Sijui alimshukuru kwa lipi. Mimi nilirudi nyumbani nikaandika makala, nikasifu jitihada za wananchi, nikaeleza mahali pale palipo. Makala ilichapishwa. Kama mtu aliyekuja kulinunua shamba baadaye aliisoma au hakuisoma, sikuwahi kujua, na nimejiuliza.

Mnunuzi huyo alikuja kabla ya mavuno ya pili. Alikuwa mwekezaji kwa jina la wakati ule, na aliwakilishwa na meneja kijana mwenye adabu. Soko la chai halikumvutia. Alitaka nguzo na kuni, yaani mikaratusi. Tulimkuta meneja amesimama katika eneo la kwanza na vijana wenye majembe, wanang'oa visiki vyetu. Mchezeshaji alivua kofia.

"Kijana wangu, kwa nini mmeanzia hapa? Shamba ni kubwa. Huko kote ni msitu."

"Ndiyo sababu, mzee," alisema meneja. "Huko kuna kazi ya miezi. Hapa kumeshasafishwa. Ni ninyi mliosafisha? Basi asanteni sana, mmetupunguzia."

Alisema kwa nia njema kabisa. Sikuona kejeli usoni mwake, na ningependa ningeiona. Mama aliuliza, kwa sauti ndogo, "Mmeuliza nani amezikwa hapa?" Kijana alimtazama mchezeshaji, kama mtu anayeomba atafsiriwe. Mistari ya mashimo ilikuwa imenyooka vizuri sana, kutoka barabarani hadi makaburini, na upande wa pili wa makaburi ilikuwa inaendelea.

Jumapili iliyofuata tulikutana kama kawaida. Fundi alitandaza ramani. "Haya mzee, tuendelee. Tulikuwa kwenye eneo la nane."

Mzee aliipapasa ramani kwa kiganja. "Mvua inanyesha," alisema. Tulingoja. "Inanyesha kwenye paa. Inanyesha kwenye mfereji. Zizini ng'ombe wamesimama." Aliisimulia mvua ile alasiri nzima, kila kona ya kasri inavyolowa, wala hakutuuliza hata mara moja nani anafanya nini. Ilipofika saa ya fundi kwenda kuswali, alikunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani, akaiweka sandukuni pamoja na madadu, akatuaga. Hatukucheza tena.

Mimi nilihamia Mbeya. Nilimtembelea mara moja moja pale getini kwake, na mara ya mwisho ilikuwa miezi michache iliyopita. Tulizungumza habari za kifua chake, za watoto wake walioko Kinyala, za bei ya ndizi. Nilipoinuka kuondoka, akanishika mkono.

"Mwandishi. Siku ile, dadu. Lilikuwa moja."

Sikuelewa mara moja. Alipoona nimeelewa, akauachia mkono.

"Kwa nini ulisema limekubali?"

"Miaka yote ile ninyi mlikuwa mnaniomba ruhusa, nami nawapa. Siku hiyo nilitaka kuomba mimi. Hapakuwa na wa kumwomba."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kudanganya kuhusu dadu, na nimeipima kama mwandishi anavyopaswa kupima. Je, angesema ukweli, tusingekwenda? Tusingekwenda. Lile eneo lingebaki msitu, na wale vijana wenye majembe wangeanzia mahali pengine, na pengine wangechoka kabla ya kufika makaburini. Pengine wasingechoka. Siwezi kusema zaidi ya hapo bila kubuni.

Basi niliwahi Ikuti, kijijini kwa wakweze, ile Jumatano. Fundi alinieleza njiani: wanawe walikwenda kuomba azikwe kambini karibu na wazazi wake, meneja akawajibu kwa adabu ile ile kwamba eneo lote limeshapandwa, na kwamba pale hapana tena makaburi yanayoonekana. Wakweze wakatoa nafasi katika migomba yao. Ni watu wema, lakini walikuwa wakweze. Hakuwa ameishi hapo hata siku moja. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, mchungaji amefungua kitabu, wakati mama aliposogea mbele na sare yake ya kwaya.

"Samahani, mchungaji. Kabla hajaingia. Nani amezikwa hapa?"

Watu walinong'ona. Mtu mmoja akamshika bega kumrudisha nyuma. Kisha bibi mmoja wa nyumba ile, aliyeketi juu ya mkeka, akaanza kujibu. Alitaja wanne, polepole, akionyesha kwa kidole ni wapi na wapi kati ya migomba. Mama aliitikia kila jina. Bibi alipomaliza, mama akamwinamia kwa heshima, akawageukia waliokuwa wanashika kamba. "Mteremsheni. Sasa anawajua."

Nimezoea kuwapa wasomaji wangu funzo mwishoni, na wengi wenu mmeniandikia kwamba mnalingoja. Nililonalo leo ni hili, nalo halifariji. Kupenda mahali, kupajua safu kwa safu, kupatunza kwa mikono yako hakukupi haki yoyote juu yake. Na ukipatunza vizuri sana, unaweza kuwa umempunguzia kazi atakayekuja kupaondoa. Tulilisafisha eneo la kwanza. Mikaratusi imeshakuwa mirefu pale, imenyooka, na siku moja mtu mwingine atasimama getini akitaka kujenga. Huyo hata akiwa na akili ya kuuliza nani amezikwa hapa, atajibiwa kwamba hakuna mtu. Aliyekuwa anayajua majina yote yuko Ikuti, chini ya migomba ya wakweze.